Land Cruiser ya 1HZ inayokata nguvu mlimani bila moshi: uchambuzi wa kisa cha njia ya Uvinza–Kasulu

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser HZJ79 ya mwaka 2003, pikapu yenye mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa), injini 1HZ ya silinda sita, yenye sentimita za ujazo 4,164, haina tabo. Tenki ni moja, la lita 130. Linabeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Kasulu kupitia Kidahwe, mkoani Kigoma, Tanzania, takriban kilomita 140, mzigo wa kawaida magunia 20 ya kilo 50. Saa ya kilomita inasoma 412,000, na kwa gari lililopita mikono mingi namba hiyo haifai kutegemewa.

Lalamiko lilikuwa hivi. Likitoka Uvinza linavuta vizuri. Baada ya dakika 40 hadi saa moja, hasa likishaacha Kidahwe na kuanza kupanda, linakuwa zito. Dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho na mwendo hauongezeki. Gia ya nne inakataa, ya tatu inalegea, mlima unamalizwa kwa gia ya pili. Halizimi. Likisimamishwa na kuzimwa kwa dakika kumi, linarudi na nguvu zake zote, linakwenda kilomita nane au kumi, kisha linaanza tena. Likiwa tupu tatizo halionekani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo dereva hakulitaja mpaka alipoulizwa: kila asubuhi lazima apampu kwa mkono juu ya filta mara 20 au 30 ndipo gari liwake. Alilizoea, akaona ndiyo tabia ya magari ya zamani. Lilikuwa nusu ya jibu.

Kabla ya hapo filta ya dizeli ilibadilishwa mara mbili, filta ya hewa mara moja, na nozeli zote sita (vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda) zilishushwa na kupimwa. Kila mara gari lilipona siku chache likarudia. Ushauri wa mwisho aliopewa mwenye gari ulikuwa kushusha pampu ya dizeli na kuisafirisha kwenye benchi ya kupimia pampu, Mwanza au Dar es Salaam. Pampu ya aina hii ikifunguliwa bila sababu hugharimu pesa nyingi, na mara nyingi hurudi ikiwa imebadilishwa vitu ambavyo havikuwa na kasoro. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kuna dalili yoyote inayoishtaki pampu.

Soma moshi kwanza

1HZ inayopanda mlima na tani moja mgongoni, mguu ukiwa chini kabisa, hutoa moshi mweusi mwepesi. Haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo kwenye mzigo mzito dizeli huelekea kuizidi hewa kidogo. Hiyo ni hali ya afya. Moshi mweusi mzito pamoja na kukosa nguvu maana yake hewa ni pungufu au dizeli imezidi: filta ya hewa imeziba, mkonga umejaa vumbi au majani, nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli na injini ikiwa imeshapata moto ni dizeli isiyoungua: taimingi (wakati wa kudunga dizeli) imechelewa, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) imeshuka au nozeli imekwama. Wa bluu ni oili.

Gari hili lilipokata nguvu eksosi ilikuwa safi kabisa. Injini ya dizeli iliyokanyagwa hadi chini, yenye mzigo, isiyotoa moshi wowote na isiyovuta, haipati dizeli ya kutosha. Ukishakubali hilo, filta ya hewa na mkonga vinatoka kwenye orodha. Nozeli nazo zinarudi nyuma sana, kwa sababu nozeli mbovu haiponi kwa kupumzishwa dakika kumi.

Wengine watasema ni mwinuko. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu unapita mita 1,200. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hata ukianzia ziwani, safari yote inapunguza asilimia tano au sita. Dereva mzoefu atahisi kidogo. Hakuna mwinuko wa Kigoma unaolishusha gari kutoka gia ya nne hadi ya pili, na mwinuko hautibiwi kwa kusimama kando ya barabara.

Vitu vya kuondoa shaka kwa haraka vilichukua chini ya nusu saa. Magurudumu yalizungushwa yakiwa yameinuliwa kuona kama breki zinashika. Klachi ilijaribiwa: injini haikupanda resi (kasi ya mizunguko) huku gari likibaki nyuma, hivyo haitelezi. Mtu mmoja alikanyaga pedali hadi chini na mwingine akaangalia mkono wa pampu kama unafika kwenye boliti ya mwisho, ulifika. Waya wa mafuta uliolegea hula nguvu nyingi kimyakimya, na ni wachache wanaouangalia. Umeme wa solenoidi ya kuzimia injini (vali ya umeme inayokata dizeli) ulipimwa na kukutwa sawa na wa betri.

Dizeli nayo ilipimwa kwa njia ya kienyeji. Lita moja kamili kwenye mizani: dizeli katika joto la mchana huwa kati ya gramu 820 na 850, mafuta ya taa hucheza kati ya 780 na 810. Kipimo hiki ni cha juu juu, kinanasa mchanganyiko mkubwa tu. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ianze kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji si wa kiwango kile cha zamani, lakini dizeli inayopitia madumu mengi bado inaweza kufika na chochote. Hii ilikuwa gramu 838. Chupa ikaachwa itulie saa moja: chini kukawa na matone ya maji na vijinyuzi vyeusi. Vijinyuzi hivyo vikumbukwe.

Dizeli inavyofika kwenye pampu

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye 1HZ hakuna pampu ya umeme tenkini wala pampu ya kusukuma njiani. Pampu ya dizeli yenyewe, aina ya VE iliyotengenezwa na Denso, ina kipampu kidogo cha mapanga ndani yake, kinachozungushwa na shafti ileile, nacho ndicho kinachonyonya dizeli kutoka tenki la nyuma. Njia yote, kuanzia wavu uliomo tenkini, bomba la chuma kwenye chasisi, mipira, filta na pampu yake ya mkono, hadi boliti ya banjo (boliti yenye tundu la kupitishia dizeli) kwenye mdomo wa pampu, iko chini ya mnyonyo. Injini ikiwa inafanya kazi, tundu kwenye njia hii halidondoshi dizeli nje. Linavuta hewa ndani. Ndiyo maana fundi anaweza kulala chini ya gari asubuhi nzima akitafuta unyevu na asione kitu.

Kipampu hicho kina kazi ya pili. Presha yake ndani ya nyumba ya pampu ndiyo inayosukuma pistoni ya taimingi, ili dizeli idungwe mapema kadiri resi zinavyopanda. Mafuta yakiwa haba, presha inashuka, udungaji unachelewa. Injini inapungukiwa mara mbili: dizeli kidogo, tena kwa wakati usiofaa. Hilo linaeleza kwa nini kizuizi kidogo tu kinaangusha nguvu nyingi kuliko unavyotarajia.

Kiasi kinachohitajika kinakadirika. 1HZ hutoa takriban kilowati 96. Ikifanya kazi kwa nguvu zote huunguza karibu lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kwa dakika. Kipampu hunyonya zaidi ya hapo, na ziada hurudi tenkini ikiwa imeondoa joto la pampu. Gari tupu kwenye tambarare huenda likahitaji theluthi tu. Kizuizi kinachopitisha robo lita kwa dakika kitalihudumia vizuri gari tupu na kulisaliti gari lenye chumvi, na hiyo ndiyo picha ya lalamiko letu.

Geji kabla ya spana

Kifaa kilichotatua kisa ni geji ya vakyumu (ya kupima mnyonyo) ya bei ya kawaida, kiungo cha T, na vipande vya mpira angavu unaoonyesha ndani. Kiungo cha T kiliwekwa kati ya filta na pampu, mpira mwembamba ukapitishwa kwenye ukingo wa boneti, na geji ikafungwa kwa tepu nje ya kioo cha mbele ili isomwe gari likitembea. Usiingize mpira wa dizeli ndani ya kabini. Kipande cha sentimita 20 cha mpira angavu kiliwekwa kwenye mdomo wa pampu. Mpira huo ni wa kupimia tu. Ukiuacha wiki kadhaa, dizeli na joto vinaukausha mpaka upasuke.

Kwenye silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa) geji ilisoma mnyonyo wa baa 0.05. Kwa resi 3,000 gari likiwa limesimama, 0.15. Hadi hapo hakuna cha kushtua, na kama kipimo kingeishia gereji gari lingeambiwa ni zima. Likapakiwa na kutoka. Baada ya dakika 50, kwenye mpando, mshale ulikuwa 0.45 na mpira angavu umejaa mapovu yanayokimbia kama shanga. Njia safi ya aina hii, hata kwenye mzigo, hukaa karibu na 0.10, ikipita 0.20 anza kutafuta.

Gari lilizimwa palepale, kiungo cha T kikahamishiwa upande wa kuingilia filta, safari ikaendelea. Likaharibika tena: 0.40. Maana yake filta mpya ilikuwa inachangia 0.05 tu, na kizuizi chote kiko nyuma yake, kati ya filta na tenki. Filta ya tatu isingesaidia kitu.

Mapovu hupotosha mafundi wengi, kwa hiyo yafaa kuyaeleza. Ukiona mapovu, haraka unasema kuna mahali panavuta hewa. Lakini dizeli yenyewe ina hewa iliyoyeyuka ndani yake, na ukiivuta kwa nguvu, hewa hiyo hujitenga na kutokea kama mapovu hata kama njia haina tundu hata moja. Kwa hiyo mapovu yasomwe pamoja na geji. Mapovu mengi na mnyonyo mdogo: hewa inaingia kutoka nje. Mapovu na mnyonyo mkubwa: kuna kizuizi, na huenda kuna tundu pia. Kwetu mnyonyo ulikuwa mkubwa, ila kulikuwa na ile habari ya kupampu asubuhi. Njia isiyo na tundu haipotezi dizeli usiku, hata wavu ukiwa umeziba. Hewa ikiingia, dizeli yote hurudi tenkini kwa uzito wake na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Dalili mbili, kasoro mbili. Na kasoro moja huikuza nyingine, kwa sababu kadiri wavu unavyoziba ndivyo mnyonyo unavyoongezeka na tundu kuvuta hewa zaidi.

Kidumu

Kabla ya kushusha tenki, pampu ilipaswa kusafishiwa jina. Kidumu cha lita 20 chenye dizeli iliyochujwa kilifungwa kwenye bampa la mbele, kikiwa chini ya usawa wa pampu, na mpira wake ukapita kwenye filta ndogo ya njiani hadi mdomo wa pampu. Mpira wa kurudisha nao uliingizwa kidumu hichohicho, la sivyo pampu ingehamishia dizeli yote tenki kubwa ndani ya muda mfupi. Lita 20 zinatosha dakika 40 za kukanyaga hadi chini. Kidumu cha lita 5 ni kidogo mno kwa jaribio hili: kinaisha haraka, na dizeli inayorudi ina joto, hivyo kiasi kidogo hupata moto na kuwa nyepesi, na hapo unapima kitu kingine.

Urefu wa kidumu ni muhimu. Ukikiweka juu ya paa, dizeli inashuka yenyewe, na kila meta moja ya urefu inaongeza takriban baa 0.08. Pampu yenye kipampu dhaifu itasaidiwa na kuonekana nzima. Kwa jaribio la kuendesha, kidumu kiwe chini ili pampu ifanye kazi yake ya kunyonya.

Gari lilipanda na mzigo wote kwa gia ya tatu bila kusita, na moshi mwepesi mweusi ukarudi kwenye eksosi. Pampu, nozeli na taimingi vikaachiwa huru. Hakuna haja ya kwenda Mwanza.

Sasa kidumu kikapandishwa juu ya paa makusudi, injini ikiwa imezimwa. Mpira ulichomolewa pale bomba la chasisi linapoungana na tenki, kidumu kikaunganishwa hapo. Njia yote hadi pampu ikawa na presha ndogo ya kusukuma badala ya kunyonya, na tundu lililokuwa linavuta hewa sasa lingetoa jasho la dizeli. Chasisi ilifutwa kwa kitambaa kikavu. Baada ya nusu saa pampu ya mkono ya filta ilikuwa kavu (nyingi huvujia kwenye oringi au diaframu, ndiyo mshukiwa wa kawaida), mipira mikavu, lakini chini ya kishikizo cha chuma kinacholibana bomba kwenye chasisi, nyuma kidogo ya gia boksi, palikuwa pamelowa.

Kilichokutwa

Kishikizo kilipofunguliwa, bomba chini yake lilikuwa limeliwa na kutu hadi kutoboka kitundu cha ncha ya sindano. Pembeni lilikuwa zima na rangi yake. Chumvi ya Uvinza ndiyo iliyofanya hivyo. Magunia hudondosha maji ya chumvi, maji hayo hupenya sakafu ya bodi, hushuka kwenye chasisi na kukaa pale pasipokauka: chini ya vishikizo, kwenye klipu za mipira, juu ya tenki. Magari ya kubeba chumvi yanapaswa kukaguliwa chini ya kila kishikizo, maana bomba linaloonekana halisemi lolote kuhusu lililofichwa.

Tenki lilimwagwa mpaka zikabaki kama lita 15, likashushwa kwa jeki na ubao. Kichujio cha wavu mwishoni mwa bomba la kunyonyea kilikuwa kimevikwa ute mweusi pamoja na nyuzi za kitambaa. Ute ule ni vijidudu vinavyoishi mpakani pa maji na dizeli. Bila maji haviwezi kukua. Tenki likilala nusu tupu usiku wa masika, mvuke hugeuka matone kwenye kuta na kushuka chini. Nyuzi zilitoka kwenye vitambaa vya kuchujia, kwani dizeli ya gari hili mara nyingi ilimiminwa kutoka madumu kwa funeli iliyowekewa khanga kuukuu. Nia nzuri, ila pamba huacha nyuzi na maji hupita.

Kwa nini basi gari lilikuwa linapona baada ya dakika kumi? Injini ikizimwa, mnyonyo unaisha, na takataka zilizobanwa kwenye wavu zinaachia na kuelea. Ukiwasha, njia iko wazi mpaka zivutwe tena. Tenki lenye kifuniko kisichopumua hutoa dalili inayofanana sana, hivyo lilijaribiwa mapema: kifuniko kilifunguliwa gari likiwa limekata nguvu na hakuna hewa iliyofyonzwa kwa sauti, wala gari halikubadilika.

Na kwa nini kila matengenezo yalileta nafuu ya siku chache? Kila filta au nozeli ilipofunguliwa, bomba la mafuta lilipulizwa kwa kompresa kuelekea tenkini. Upepo uliusukuma ute kutoka kwenye wavu. Nafuu ilikuwa ya kweli, lakini sifa ikaenda kwa kifaa kilichobadilishwa. Kupuliza ndiko kulikotibu, na hakuna aliyekuandika kwenye risiti. Ikumbukwe pia kwamba upepo wa kompresa wa baa 7 au 8 ukipulizwa kwenye njia hii unaweza kuuchana wavu au kuuchomoa kabisa.

Matengenezo

Kipande cha bomba cha sentimita 60 kilikatwa, sentimita 30 kila upande wa kitundu, kikawekwa bomba la chuma la kipenyo kilekile, likiunganishwa kwa vipande vifupi vya mpira wa dizeli, klampu mbili kila ncha. Bomba la shaba la friji, ambalo ni rahisi kupinda na hupendwa gereji nyingi, halikutumika: shaba huiharakisha dizeli kuoza na kutoa masimbi (mashapo). Zinki ni vivyo hivyo, kwa hiyo ndoo ya mabati si chombo cha kuhifadhia dizeli. Vishikizo vyote viliwekewa mpira kati ya chuma na bomba.

Tenki liliogeshwa kwa lita 5 za dizeli safi, likatikiswa, likamwagwa, mara mbili. Mara ya pili ikatoka safi. Lisioshwe kwa maji na sabuni, kwani kulikausha lenye vizuizi ndani ni kazi ngumu. Anayefikiri tenki la dizeli ni salama kuchomelea ajue kwamba likipata moto wa kuchomelea hutoa mvuke unaolipuka kama wa petroli.

Wavu ulisafishwa kwa dizeli na brashi laini, ukarudishwa. Kuna mafundi wanaoukata na kuutupa, wakisema filta inatosha. Wana hoja: filta unaifikia kwa dakika kumi na wavu lazima ushushe tenki. Lakini kwa gari linalokunywa dizeli ya madumu, kuukata ni kuhamishia ute wote kwenye filta, halafu filta izibe katikati ya Kidahwe na Kasulu usiku. Anayeukata basi aweke chujio la kutenganisha maji, lenye bakuli linaloonyesha ndani, kwenye chasisi kabla ya filta.

Boliti ya banjo ya kuingizia dizeli kwenye pampu ina kijiwavu ndani, kidogo kiasi kwamba wengi hawajui kipo. Kilikuwa na chembe za mpira wa zamani, zikaondolewa. Washa za shaba zikawekwa mpya pande zote mbili. Angalizo: boliti ya kurudishia, yenye alama OUT, ina kitundu chembamba cha kubana mtiririko ili presha ya ndani ya pampu isishuke. Ukizibadilishana na ile ya kuingizia, pampu itanyonya kupitia kitundu hicho na umejitengenezea ugonjwa uleule upya. Zitoe moja moja.

Upepo ulitolewa kwa pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, kisha nati za mabomba ya nozeli zikalegezwa kidogo, injini ikapigwa selfu mpaka dizeli ikatoka bila povu, zikakazwa. Usipige selfu zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Na usiweke mkono karibu na nati iliyolegezwa injini ikizunguka. Presha ya pale hupenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama tundu lake ni dogo.

Geji ilirudishwa kwa safari ya kuhakiki, mzigo uleule, njia ileile. Silensa 0.03, mlimani isizidi 0.10, mpira angavu bila povu. Gia ya tatu ilishikilia kwenye mpando uliokuwa ukimalizwa kwa gia ya pili, na asubuhi iliyofuata gari liliwaka bila kupampu.

Kama kidumu kisingelitibu

Hapo ndipo pampu na nozeli zingeanza kushtakiwa. Pampu ya VE iliyochakaa kichwa na plunja (pistoni ndogo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli) hujitangaza kwa kugoma kuwaka injini ikiwa ya moto, huku asubuhi ikiwaka vizuri, kinyume cha gari hili. Jaribio la zamani bado linafanya kazi: injini imezimwa na imekataa kuwaka, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa mpaka ipoe, ikiwaka, plunja imeliwa. Usimwagie maji ya baridi pampu inayozunguka, kwa sababu chuma cha nje kitabana kabla ya cha ndani na inaweza kukwama moja kwa moja.

Kama gari lingetoa moshi mweupe wakati wote, ungeanza na mkanda wa taimingi, kwani kwenye 1HZ ndio unaozungusha pampu, na jino moja likirukwa udungaji wote unahama. Halafu kompresheni na klirensi (nafasi za uwazi) za valvu: milimita 0.20 za kuingiza na 0.40 za eksosi, injini ikiwa baridi. Klirensi za gari hili zilipimwa kwa kuwa kava lilikuwa rahisi kufungua. Valvu mbili za eksosi zilikuwa 0.30. Hazikuwa chanzo cha tatizo, ila valvu ya eksosi iliyobana huishia kuungua, hivyo shimu zake (vibati vya kurekebishia klirensi) ziliagizwa.

Dawa ya kuongeza petroli tenkini ili “isafishe” ilikataliwa. Sehemu zote za ndani za pampu hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Petroli huinyang'anya ulainisho.

Baada ya kuoshwa, tenki huendelea kuachia masimbi yaliyoshika kutani, kwa hiyo filta ilipangiwa kubadilishwa baada ya kilomita 1,000 badala ya kungoja muda wake wa kawaida, na maji yafunguliwe chini ya filta kila safari. Safari mbili za mwanzo zilitoa maji kidogo na chembe nyeusi, ya tatu dizeli tupu. Chasisi inaoshwa kwa maji baridi kila chumvi ikishushwa Kasulu. Mkanda wa taimingi haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kubadilishwa, na kwa injini hii kilomita 100,000 ni umri wa kuustaafisha. Uliagizwa pamoja na shimu za valvu ili kazi zote mbili zifanyike kava likiwa wazi mara moja.